Gramu Thelathini na Tatu na Nusu

Mizani ya dagaa pale Mwaloni ilinidharau.
Niliulaza mpini, mshale ukakaa palepale,
na muuzaji akasema: leta gunia, mama fundi,
usinipimie mwiko.

Nikapanda kwa Nyanzobe,
anayenunua dhahabu ya wachimbaji
nyuma ya nondo mbili na mbwa mmoja.
Akapangusa sahani, akashusha pumzi, akapima.
Huu, mia moja ishirini na nane.
Huu, tisini na nne na nusu.
Akaniandikia risiti kama ya dhahabu,
kisha akauliza: na hiyo tofauti, inauzwaje?

Sikumjibu.
Tofauti ilikuwa bega la kulia la Mhandisi Bulugu.

Kwa macho ni mapacha, nikawaita Kulwa na Doto:
feleji kwa feleji, mng'aro uleule,
vidato vikishuka hadi kichwani kama pingili za muwa.
Lakini mbane Kulwa kwenye jiliwa, vuta ncha, achia:
anatikisika mara mbili, ananyamaza,
mtu aliyekwisha kuamua.
Doto ananepa, anarudi, ananepa tena,
bado anaongea wewe umeshachoka kusikiliza.

Kulwa hupeleka mpira chini chini,
unatoboa upepo wa ziwa bila kuomba njia.
Ila ukimkosea anakutoza kwenye kiwiko,
na deni hulali nalo, linalala nawe.
Doto anasamehe. Mpira wake unapanda,
unakaa juu kama una jambo la kukumbuka,
na upepo wa saa kumi ukiutaka, unauchukua.

Nilimweleza yote haya Mhandisi.
Akacheka upande mmoja wa uso, ule unaocheka.
"Binti Lutonja, miaka thelathini
nimelala tumboni mwa meli za Bukoba
pembeni ya shafti nene kuliko paja langu.
Leo unaniogopesha na gramu?"

Sikubishana. Nilikata namba saba mbili,
vichwa sawa, urefu sawa, gundi ya chungu kimoja,
nikazivisha utepe mweusi kutoka shingo hadi kiganja,
hata mimi nikapotezana nazo.
Alama niliiacha ndani, chini ya mpira wa kushikia.

Asubuhi, kabla jua halijayapasha majabali,
alipiga kumi kwa hii, kumi kwa ile.
Sayi, kedi wetu, alikimbia akichomeka vijiti.
Kumi za kwanza zilitawanyika
kama kuku waliorushiwa jiwe;
moja iligonga mwamba, ikaturudia miguuni.
Kumi za pili zililala karibu karibu,
kwenye ule mchanga wa oili chafu
tunaouita kijani kwa heshima.

"Hii," alisema, akiinua ya pili. "Hii ndiyo chuma."
Nikachana mpira kwa wembe.
Doto.

Alitazama ziwa kwa muda mrefu.
Huko, feri ya Kamanga ilikuwa inageuza pua,
na nadhani alikuwa akiisikiliza,
ingawa kwa umbali ule hakuna kinachosikika.

"Tia nyepesi," akasema. "Tano mpaka tisa. Zote."
Halafu, nilipokwisha kufunga kisanduku:
"Namba nne niachie nzito."
Hutaweza kuipiga, Mhandisi.
"Nani kasema nitaipiga?
Baba yako aliubeba mfuko huu miaka kumi na saba.
Alinijua kwa mlio wake kabla hajaniona,
akatoka kivulini, akanyoosha bega.
Mfuko wa vyuma vyepesi tupu
nani atageuka?"

Sikumtoza namba nne.
Jioni niliipiga tupa, nikaing'arisha,
nikaitumbukiza katikati ya wale wepesi
na kuutikisa mfuko mara moja, peke yangu, karakanani.

Nikageuka.